AA, SMART, grupu ya kanisa ama ya hospitali: ukitaka kuacha pombe ukakae wapi?

Mitingi yangu ya kwanza ya AA (Alcoholics Anonymous, grupu ya walevi wanaosaidiana kuacha) nilikuta kwaya. Sio mzaha. Nilikuwa nimeandika anwani kwa karatasi, Jumanne saa kumi na mbili na nusu jioni, nimepiga mswaki mara mbili ndio nisinuke, nikapanda ngazi za holi ya kanisa moja hapa Nairobi moyo unadunda kama wa mwizi, kufungua mlango hivi nakuta akina mama kama ishirini wanafanya mazoezi ya nyimbo za Pasaka na wote wakageuka kuniangalia. Soja wa pale getini ndiye aliniambia polepole, bila hata mimi kuuliza, "Wale wako walihama, siku hizi wanakaa ule upande mwingine, Alhamisi." Wale wako. Sijui alijuaje. Nilirudi mtaani, usiku huo nikalewa, na ilinichukua miezi mitano kujaribu tena.

Sasa hii naandikia mtu ambaye ashaamua, ama hajaamua lakini amechoka, na amekwama kwa kuchagua, juu ukiuliza watu watano utaambiwa vitu vitano, huyu anasema nenda AA, yule anasema AA ni ya wazungu, mamako anataka umwone pasta, ofisini wanataja rihabu (kituo cha kulazwa ukatibiwe uraibu), na kuna kijana anakwambia siku hizi kila kitu kiko Zoom. Mimi nimekaa kwa hizo zote, zingine wiki chache tu, moja miaka. Sitakwambia gani ndio kiboko, nimeona watu wakisimama kupitia kila moja na nimeona watu wakirudia pombe wakiwa ndani ya kila moja.

Kabla hatujaenda mbali. Kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka utoe loki, yaani unywe kidogo, ndio utulie, usiache ghafla peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa mara moja unaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne kuna watu huanza kuona vitu, kuchanganyikiwa, kutoka jasho na homa, na hiyo hali inaua. Daktari ana dawa za kukuteremsha pole pole, na vitamini B1 pia utapewa. Hakuna grupu yoyote hapa chini inafanya hiyo kazi, kwa hivyo ditoksi kwanza, yaani kutoa pombe mwilini chini ya daktari, grupu baadaye.

Mambo ninayopimia

Ya kwanza ni hela, na sio ada tu, hesabu fea na bando. Ya pili ni siri, yaani nani ataniona na nani ataandika jina langu mahali. Ya tatu ni saa na lugha, juu mitingi ya saa kumi haimsaidii mtu wa shifti, na kuna mambo huwezi kuyatoa kwa Kiingereza hata uwe na digrii mbili. Ya nne ni Mungu, anaingia kwa kiasi gani. Ya tano, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote, naiita Ijumaa: mshahara umeingia, ni saa mbili usiku, uko steji mbele ya duka la pombe, utampigia nani na atashika simu? Watu wanabishana sana kuhusu mafundisho ya hizi grupu na hawaulizi hilo swali la Ijumaa.

AA ya kukaa ana kwa ana

Hii ilianza mwaka 1935 kule Akron, Ohio, na walevi wawili, mmoja mtu wa soko la hisa na mwingine daktari wa upasuaji, walioona kwamba mlevi akiongea na mlevi mwenzake ile kiu inapungua. Mpaka leo kazi yenyewe ni hiyo. Chumba nilichokuja kukipata mwishowe kilikuwa na viti vya plastiki, thermosi ya chai ya maziwa, jamaa wa boda bado na riflekta, helmeti magotini, na kando yake mama wa suti ambaye ungedhani amepotea akienda benki. Anayechea, yaani mwenyekiti wa siku hiyo, anafungua, mnasema sala fupi ya kuomba utulivu, kisha watu wanashea mmoja mmoja, na ukishea hakuna wa kukukatiza wala kukupa ushauri, ukimaliza wanasema asante. Mkikaa muda wa saa moja ama moja na nusu, basi mnaenda. Siku yangu ya kwanza nilisema jina nikanyamaza na hakuna aliyenisukuma.

Hela: hakuna ada ya kuingia. Kuna kopo linazungushwa, huyu anaweka mbao (ishirini), huyu soo (mia), mwingine analipitisha tu na hakuna anayemwangalia. Hawachukui pesa za watu wa nje, hiyo ni kanuni yao. Gharama yako ni fea.

Siri: jina la kwanza tu, hakuna rejista. Kuna mitingi za wazi ambazo hata dadako anaweza kukusindikiza, na zile za kufungwa ambazo ni za wenye shida ya pombe peke yao. Lakini jua kwamba hakuna rejista maana yake pia hakuna barua, kama korti ama bosi anataka ushahidi unahudhuria utategemea huruma ya anayechea kukusainia karatasi, na wengine hukataa. Alafu Nairobi ni kijiji. Wiki ya tatu nilikuta jirani yangu wa ghorofa ya juu amekaa pale na kikombe cha chai. Tuliangaliana. Mpaka leo tukikutana kwa ngazi ni salamu tu na habari ya maji kupotea.

Saa na lugha: Nairobi huwezi kukosa, karibu kila siku kuna mahali. Ukitoka nje ya miji mikubwa inaweza kuwa moja kwa wiki ama hakuna kabisa. Zingine ni Kiingereza mwanzo mwisho, zingine watu wanachanganya, ulizia kabla ya kwenda.

Mungu: hatua zao ni 12 na Mungu anatajwa, lakini wanasema Mungu vile wewe unavyomwelewa. Kukodi chumba cha kanisa sio kuwa ya kanisa. Kuna ndugu mmoja wa Pwani, Muislamu, alinieleza alikaa kwa gari nje Alhamisi tatu mfululizo akiogopa mtu wa kwao asije akamwona anaingia kanisani, na pombe yenyewe kwao tayari ni aibu mara mbili. Alipoingia hakukuta mahubiri. Kama wewe huamini chochote kabisa, utaweza kukaa, ila utahitaji kuvumilia maneno kadhaa.

Ijumaa: hapa AA iko vizuri sana. Utaondoka na namba za simu, na ukikaa kidogo utapata sponsa, yaani mtu aliyetangulia kuacha ambaye anakupitisha hatua moja moja. Wangu alikuwa na sheria moja, piga kabla ya glasi sio baada. Nilimpigia mara moja niko nje ya baa Ngara, akaniambia nisimame hapo hapo na nimsomee maandishi ya matatu zinazopita mpaka afike. Nilisoma kama arobaini hivi. Upande mwingine, usidhani kila aliyeacha pombe ni malaika. Dada yangu, chukua sponsa mwanamke, juu kuna wazee wa mitingi ambao macho yao yako kwa wageni, na pale hakuna ofisi ya kupeleka malalamishi.

Kwa wale wa kupenda ushahidi, mwaka 2020 Cochrane, shirika la kuchambua tafiti za tiba, walichambua tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakaona programu zinazomwelekeza mtu AA zinafanya vizuri sawa na matibabu mengine kama tiba ya mazungumzo, na kwa kumfanya mtu akae bila tone kabisa zinazidi kidogo. Hiyo haisemi itakufaa wewe, inasema tu kwamba sio porojo.

SMART, na mitingi za simu kwa jumla

SMART Recovery ilianza Marekani 1994 kwa ajili ya watu ambao hawakutaka habari za Mungu, ama nguvu za juu vile AA husema. Wana nguzo nne: kujipa sababu ya kuacha na kuishikilia, kukabiliana na kiu, kusimamia mawazo na hisia na tabia, na kuishi maisha yenye mizani. Huhitaji kujiita mlevi, hakuna sponsa, kuna mwelekezi aliyefunzwa, na tofauti na AA watu wanajibizana. Kwetu huku wengi wanaifikia kupitia simu ndio maana naiweka pamoja na Zoom, ingawa AA nayo iko na mitingi za Zoom mchana na usiku.

Hela: bure, wanaomba mchango ukiweza. Lakini bando! Saa moja na nusu ya video inakula data vibaya, zima kamera. Na mtu wa kabambe, ile simu ndogo isiyo na intaneti, hapa hana lake, wacha tuseme ukweli.

Siri: ndiyo bora zaidi kwa asiyetaka kuonekana, unaweza kubadilisha jina na usifungue kamera. Shida ni nyumba. Ukikaa singo rumu na watoto wawili na shemeji, utashea wapi? Mimi nilikuwa nashea nikiwa chooni na maji nimefungulia, mke wangu akadhani nina mwanamke.

Saa na lugha: hapa ndio watu wengi wanaanguka. Saa moja jioni ya New York ni saa nane usiku kwetu, na baridi yao ikifika inakuwa saa tisa. Afadhali za Uingereza, saa moja jioni ya London ni saa tatu ama saa nne usiku huku, inategemea msimu. Lugha ni Kiingereza, na cha haraka.

Mungu: haingizwi kwa SMART, ukiwa naye unabaki naye mwenyewe. Zoom za AA ni vile vile nilivyosema kwa AA ya ana kwa ana.

Ijumaa: usiku kuna mitingi mahali fulani duniani, hilo ni kubwa. Lakini mtu wa Manchester hawezi kukutoa steji Ngara. Kile SMART ilinipa ni karatasi, unachora visanduku vinne: faida za kunywa, hasara za kunywa, faida za kuacha, hasara za kuacha. Kwa faida za kunywa niliandika vitu vitatu bila kupinga, cha kwanza "nacheka", na ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kuniruhusu kusema hivyo bila kuniombea. Hiyo karatasi bado iko kwa waleti. Alafu wanapokea shida zingine pia, kama pombe yako inaenda pamoja na miraa ama kubeti huhitaji kutafuta grupu tatu.

Grupu ya kanisa (ama ya msikiti)

Hapa nitaenda haraka kidogo, juu zinatofautiana sana na wewe unazijua kuliko mimi. Kuna makanisa yanafuata mpango wa Celebrate Recovery, ulioanza California 1991, wenye kanuni nane na hatua 12 zilizofungwa kwa Biblia. Mengine ni pasta na watu sita na gitaa. Na Wakatoliki wako na Mapioneer, wale wa pini ya Moyo Mtakatifu, ambao chama chao kilianzia Dublin 1898, lakini hao ni chama cha nadhiri ya kutokunywa, hata mtu ambaye hajawahi kuonja anaingia, kwa hivyo usiende ukitarajia mahali pa kutapika yaliyo moyoni.

Hela: hakuna ada, ila sadaka ni sadaka na utaona haya kupitisha kikapu.

Siri: ndio penye shida. "Tumwombee ndugu yetu anayepitia majaribu" ikishasemwa Jumapili, Jumatatu mama mboga anakuuliza unaendeleaje. Kuna pia presha ya ushuhuda, unasukumwa mbele na maikrofoni ukiwa na siku tisa.

Saa na lugha: wanashinda kila mtu. Ni karibu, unatembea, na ni Kiswahili ama lugha ya kwenu.

Mungu: ni yeye mwanzo mwisho. Kwa muumini hiyo ni raha, anaongea bila kutafsiri. Ila ukisikia mtu anakwambia umeponywa kwa hivyo wacha dawa za hospitali, toka hapo.

Ijumaa: majirani wa jumuiya ama selu watakuja nyumbani, watakaa, watapika, watamsaidia mkeo na karo ikibidi. Hakuna grupu nyingine hapa inafanya hivyo. Lakini wengi wao hawajawahi kuamka saa kumi alfajiri wakitafuta chupa chini ya kitanda, na kuna maongezi ambayo yanahitaji mtu wa aina hiyo. Upande wa msikiti nilioambiwa na yule ndugu wa Pwani ni mara nyingi imamu mmoja anayekuelewa kuliko grupu yenyewe, na yeye ameweka vyote viwili, imamu kwa swala na AA kwa Alhamisi.

Grupu ya hospitali ama ya rihabu

Hizi ni zile zinaongozwa na kaunsela ama nesi wa akili, ama kama ulilazwa rihabu ile miezi mitatu, grupu ya kurudi baada ya kutoka. Hospitali ya Mathari pale Thika Road, Nairobi, wako na kitengo cha waraibu, na kaunti kadhaa zina kliniki.

Hela: hapa unalipa, ya serikali kidogo, ya binafsi utalia. Uliza bei ya kila kikao na uliza bima inalipa nini kabla hujakaa chini, usiambiwe mlangoni wakati wa kutoka. Rihabu ya binafsi waambie wakuonyeshe leseni ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Kuna moja nilipelekwa, siitaji, ilikuwa nyumba ya kukodi yenye geti kubwa na mpishi mmoja, kaunsela tulimwona mara mbili kwa mwezi.

Siri: wanalindwa na maadili ya kazi yao, lakini jina lako liko kwa faili. Uzuri wake ni kwamba faili ndiyo inazaa barua, kwa hivyo mtu wa korti ama wa HR hapa ndio kwake.

Saa na lugha: mchana, siku za kazi, na foleni. Lugha watakufuata wewe.

Mungu: kwa hospitali za serikali haingii kwa programu, kwa rihabu za mashirika ya dini anaingia, soma ubao wa mlangoni.

Ijumaa: saa kumi na moja jioni simu ya kaunsela imelala. Lakini hao ndio pekee wanaweza kugundua kwamba kumbe chini ya pombe kuna unyogovu, ama ini limeanza kulalamika, na wakakupa dawa. Mimi waligundua sikuwa nalala tangu babangu afariki, kitu nilikuwa nimekishea AA mwaka mzima na hakuna aliyekiona kama ugonjwa.

Sasa wewe uko wapi?

Ukiwa unatetemeka asubuhi ama ushawahi kupata kifafa, anza hospitali, halina mjadala, na ukitoka huko ndio utafute kiti kingine cha jioni.

Ukiwa mjini, unaishi peke yako na simu yako imejaa namba za watu wa kunywa nao tu, ningekuelekeza AA ya ana kwa ana, sio kwa sababu ya hatua bali kwa sababu ya hizo namba. Jaribu vyumba vitatu ama vinne tofauti kabla ya kusema haikufai, juu vinatofautiana kama matatu za ruti moja.

Ukiwa nesi, mwalimu, askari, mtu ambaye akionekana kazi imeisha, anza na Zoom kamera ikiwa imezimwa, ukizoea utaona kama unataka kwenda mbali zaidi. Na ukiwa mtu wa kuchoka na habari za Mungu, SMART itakupumzisha.

Ukiwa kijijini na kabambe, mitingi ya AA iko mji wa mbali na fea ni mia nne, grupu ya kanisa iliyo hatua kumi inakufaa kuliko programu nzuri ambayo utaifikia mara moja kwa mwezi. Tafuta humo mtu mmoja aliyewahi kunywa kweli, hata kama sio kiongozi, na uchukue namba yake.

Ukiwa mwanamke na unaogopa vyumba vilivyojaa wanaume, ulizia mitingi ya wanawake peke yao, zipo kwa Zoom na Nairobi waulize AA wenyewe.

Na kama sio wewe unakunywa, ni bwanako ama kijana wako, kuna Al-Anon, ya familia, ilianzishwa 1951 na mke wa mmoja wa wale wawili wa Akron pamoja na mwenzake. Ni yako hata kama yeye hataki kuacha.

Wengi niliowaona wakidumu wanachanganya. Mimi ni AA Alhamisi, kliniki kila baada ya miezi mitatu, na karatasi ya SMART kwa waleti.

Kupata mahali penyewe: Kenya piga 1192, ni laini ya NACADA, bure, watakuelekeza kwa kaunsela na vituo. AA wako na orodha kwa tovuti yao. Tanzania namba ya mamlaka ya dawa za kulevya ni 119, na ukiwa Dar ama Zanzibar kuna soba hausi, yaani nyumba za kukaa wanaoacha, nyingi zilianza kwa ajili ya watu wa unga kwa hivyo uliza kwanza kama wanapokea wa pombe. Orodha yoyote ya mitingi utakayopata, piga simu kabla ya kutoka nyumbani uthibitishe siku, saa na mlango gani, usiulize tu ni wapi. Ukishindwa kumpata mtu kwa simu nenda hivyo hivyo, dakika kumi kabla, na ukifungua mlango ukakuta kwaya, shuka ukamuulize soja.